Sunset Boulevard (1950): nyota anayedanganywa na anayempenda

Nianze na hukumu yangu, ili asiyetaka maelezo marefu aishie hapa: katika filamu zote nilizoziona zinazohusu watu wanaotengeneza filamu, sijaona iliyonishika kama Sunset Boulevard ya Billy Wilder. Ni ya mwaka 1950, nyeusi na nyeupe, dakika 110. Niliikodi mtandaoni nikaitazama nyumbani hapa Unguja pamoja na mama yangu mkubwa, ambaye ujanani mwake alikuwa hakosi sinema, na ilipokwisha tulikaa tukibishana mpaka usiku mkubwa. Ubishi wenyewe haukuwa juu ya steringi wala juu ya bibi mwenye jumba. Ulikuwa juu ya mtumishi.

Sina haja ya kuficha mwisho, kwani filamu yenyewe inaanza na mwisho: maiti ya kijana inaelea kwenye bwawa la kuogelea, polisi wamejaa, na huyo maiti ndiye anayetusimulia. Wilder alikuwa amepiga mwanzo mwingine kabla ya huu, maiti wakizungumza ndani ya chumba cha maiti, lakini watazamaji wa majaribio wakacheka, akaukata. Alifanya vizuri, maana huu uliobaki unakuingiza kwenye kisa moja kwa moja.

Kijana huyo ni Joe Gillis, anachezwa na William Holden. Ni mwandishi wa skripti pale Hollywood, hana kazi, kodi ya chumba haijalipwa, na watu wamekuja kulichukua gari lake kwa deni. Anawakimbia, tairi linapasuka, anakata kona na kuingia kwenye uwanja wa jumba kubwa analodhani limehamwa. Halijahamwa. Anaishi humo Norma Desmond, nyota wa zama za filamu zisizo na sauti, yeye na mtumishi wake Max. Siku hiyo wanamsubiri mtu wa kuleta jeneza la sokwe wake aliyekufa, na Joe anapokelewa kama ndiye. Baadaye Norma anamwonyesha skripti ya Salome aliyoiandika mwenyewe, rundo la makaratasi, anataka aicheze yeye na iongozwe na Cecil B. DeMille. Joe anaona pesa hapo. Anakubali kuirekebisha, anahamishiwa jumbani, ananunuliwa suti, na kabla hajajijua amewekwa kinyumba na mwanamke ambaye yeye Joe anamwonea huruma na kumdharau kwa pamoja.

Lile jumba lilinigusa kuliko nilivyotarajia. Bwawa halina maji, limejaa taka na panya, uwanja wa tenisi umeota nyasi, ndani kila ukuta una picha za Norma. Mama mkubwa akasema, "Hivi ndivyo Majestic ilivyokuwa mara ya mwisho nilipochungulia." Wanaoijua Vuga wataelewa: sinema iliyokuwa fahari ya mji, mapaa yake yakaporomoka, na watu wa umri wake bado wanakumbuka maonyesho ya wanawake peke yao, walivyokwenda na mabuibui yao na watoto mapajani kutazama picha za Kihindi. Alipoona jumba la Norma hakuwaza utajiri. Aliwaza sinema zetu zilizofungwa.

Sasa Norma. Gloria Swanson alizaliwa 1899 na alikuwa nyota kweli wa filamu zisizo na sauti. DeMille, anayejicheza mwenyewe humu, ndiye aliyemwongoza kuanzia 1919. Erich von Stroheim, anayecheza Max, alikuwa mwongozaji mkubwa zama hizo, na ndiye aliyemwongoza Swanson katika Queen Kelly, filamu iliyosimama kabla haijamalizika. Norma anapowasha mashine usiku na kujitazama ukutani akiwa msichana, vipande tunavyoviona ni vya Queen Kelly, na anayeiendesha mashine ni Stroheim. Hata wale wageni wanaokuja kucheza karata kimya kimya, ambao Joe anawaita masanamu ya nta, mmoja wao ni Buster Keaton, mchekeshaji mkubwa wa filamu zisizo na sauti. Nilipoyajua haya nilirudia sehemu hizo, na zikawa nzito zaidi. Swanson hakuogopa kuonekana wa kutisha. Macho yanatoka, vidole vinakunjika, anacheza kama aliyesahau kwamba kamera sasa inasikia. Mwanzoni nilihisi anazidisha, kisha nikaelewa kwamba Norma ndiye anayezidisha, Swanson amejizuia kabisa. Kuna mahali anamwigiza Chaplin ili amchekeshe Joe, anaigiza vizuri mno, na Joe hacheki vya kutosha. Uso wa Norma unavyobadilika pale, maneno hayana kazi.

Nije kwa Max. Huyu anapika, anafungua mlango, anaendesha gari, anapiga kinanda, na kila siku Norma anapokea barua kutoka kwa mashabiki wasiomsahau. Joe anakuja kugundua kwamba barua zote anaziandika Max. Baadaye zaidi inajulikana kwamba Max ndiye aliyemvumbua Norma, ndiye mwongozaji wake wa kwanza, na ndiye mume wake wa kwanza. Ameacha kazi yake ya heshima akaja kuwa mtumishi ili aendelee kuwa karibu naye. Mama mkubwa alimtetea kwa nguvu zote. "Huyo ndiye aliyempenda," akasema. "Milango ya vyumba imetolewa vitasa ili asijifungie akajidhuru. Ungemwambia ukweli, ungemzika." Mimi nikasema barua zile ndizo zilizomzika akiwa hai. Norma hakupewa hata siku moja ya kulia, kuzoea, na kuanza maisha mengine. Alipewa barua.

Ushahidi wangu ni ile sehemu ya studio, ambayo kwangu ndiyo kilele cha filamu. Norma amepigiwa simu kutoka Paramount, anaamini DeMille anaitaka skripti yake. Anajipamba, anapanda lile gari lake la kizamani, Isotta Fraschini, anakwenda. DeMille anamkalisha kwenye kiti chake. Kipaza sauti kinapita juu kikaigusa kofia yake, anakisukuma kwa chuki. Kisha fundi mzee wa taa aliye juu anamtambua, anamwita, anamgeuzia taa. Watu wote mle ndani wanaona, wazee wanakuja, wanamzunguka, wanamshika mikono. Dakika chache tu anakuwa nyota tena na machozi yanamtoka. DeMille anarudi, anaagiza taa irudishwe inapotakiwa. Hapo hapo sisi tunapata kujua kwamba studio haikumtaka Norma, ilitaka kuazima gari lake. Na DeMille, mtu mwema kabisa katika filamu hii, anamshika mkono, anamsindikiza hadi mlangoni kwa maneno matamu, na hamwambii. Kumbe Max hayuko peke yake. Wote wanaompenda wanamficha, na yule anayekuja kumtolea ukweli wote ni Joe, ambaye keshamchoka, naye anautoa kwa hasira siku ya kuondoka. Ndipo bastola inapolia.

Nilipokuwa nikifikiria kwa nini uongo huu uliwezekana miaka yote hiyo, nilijikuta naifikiria taarab. Mwimbaji wa taarab yuko mbele ya watu wake. Akiimba na wimbo ukawaingia, wanawake wanainuka mmoja mmoja na khanga zao, wanacheza polepole kwenda mbele, wanamtunza. Siku wimbo ukidoda hainuki mtu, na yeye anaona kwa macho yake, usiku uleule, mbele ya kadamnasi. Hakuna mume wala mtumishi anayeweza kumtungia tunzo. Norma hakuwahi kuwaona waliompenda. Walikuwa gizani, miji mingine, nchi nyingine, yeye akipata mifuko ya barua tu. Ndiyo maana barua za bandia zilitosha. Naona hili ndilo jambo ambalo filamu inalijua vizuri juu ya umaarufu wa skrini, na vijana wetu wanaorekodi vipande vyao Forodhani na kuvirusha kwenye simu wanaishi karibu zaidi na Norma kuliko na wanataarab. Wafuasi wa kununua wapo, na anayewanunua mara nyingi ni rafiki au meneja anayetaka kukufurahisha.

Mwaka huohuo 1950 ndio aliofariki Siti binti Saad, mwimbaji wetu wa taarab. Sikuweza kuacha kuwaweka wawili hawa pamoja kichwani. Norma anajivunia kwamba zama zake hazikuhitaji maneno, uso ulitosha, na sauti ilipoingia katika filamu mwishoni mwa miaka ya 1920 ikamwondoa. Siti, msichana wa Fumba aliyeuza vyungu, alikejeliwa kwa sura yake mpaka ikatungwa nyimbo, akajibu kwa wimbo, na mwaka 1928 akasafiri Bombay sauti yake ikatiwa kwenye sahani za santuri. Mashine ileile iliyoleta sauti ilimfunga mmoja ikamfungulia mwingine, karibu miaka ileile.

Kwenye umri ndipo ninapogombana na filamu. Norma ana miaka 50, naye Swanson alikuwa na umri huohuo alipopigwa picha. Hamsini! Filamu inamlaani Hollywood kwa kumtupa, sawa, lakini yenyewe pia inamtazama kama kizuka: mikono kama kucha za ndege, chumba cha giza, na kupendana kwake na kijana kunaonyeshwa kama ugonjwa. Sisi tumemwona Bi Kidude, ambaye dunia ilikuja kumjua keshakuwa bibi kizee, akapewa tuzo ya WOMEX, maonyesho ya kimataifa ya muziki, mwaka 2005, akaendelea kupanda jukwaani na ngoma yake mpaka karibu na kifo chake Aprili 2013. Mtu aliyelelewa mahali palipomshangilia Bi Kidude anapata shida kukubali kwamba mwanamke wa miaka 50 amekwisha. Mama mkubwa, ambaye ameipita hamsini zamani, hapa tulikubaliana kabisa.

Upungufu mwingine ni Betty, binti mwandishi anayechezwa na Nancy Olson. Anapaswa kuwa hewa safi ya kisa, na Olson anacheza kwa uchangamfu, lakini hakuandikiwa mengi zaidi ya kuwa mwema. Sehemu anazoandika usiku pamoja na Joe zinapoza moto. Simulizi ya Joe nayo mara nyingine inakueleza kitu ambacho jicho limeshakiona.

Upande wa ufundi sina neno. Vivuli vya mpiga picha John F. Seitz na muziki wa Franz Waxman vinakufanya ulihisi lile jumba likikubana. Filamu iliingizwa kwenye vipengele 11 vya Oscar ikatwaa 3: hadithi na skripti, mandhari ya ndani, na muziki. Swanson hakupata, na kwangu hiyo ni dhulma.

Mwisho wenyewe ni Max tena. Polisi na waandishi wamejaa, Norma akili imeshahama, hawezi kushuka. Max anasimama karibu na kamera za habari, anauliza kama taa ziko tayari, na anaanza kumwongoza kama zamani. Norma anashuka ngazi akiamini yuko kwenye Salome. Mama mkubwa akanitazama kama kwamba ameshinda ubishi: amemshusha kwa heshima, hakuburutwa. Mimi bado sijakubali.

Naipa nyota nne na nusu kati ya tano, nusu nimeikata kwa ajili ya umri na Betty. Hakuna tafsiri ya Kiswahili, na Joe anasimulia haraka, kwa hiyo washeni maandishi ya chini hata kama Kiingereza chenu ni kizuri. Msiitazame kwenye simu, kwani giza la picha linameza nyuso, na nyuso ndizo zenye kazi humu. Watoto wasiwepo, kuna mambo ya kujidhuru. Na kama mnaye mzee nyumbani aliyewahi kwenda Majestic au Cine Afrique, mkalisheni mtazame naye.