E85 au petroli kwenye turbo iliyoongezwa nguvu?

Presha ya turbo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi kwenye injini) ikipanda, E85, mchanganyiko wa ethanoli (pombe) na petroli, inaiacha mbali petroli. Ethanoli hufyonza joto jingi inapogeuka mvuke, hewa inaingia silinda ikiwa imepoa, na injini haigongi (mafuta hayalipuki ovyo ndani ya silinda) hata ukiwahisha cheche. Ila inakunywa hasa! Petroli hutaka kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya mafuta. E85 hutaka karibu 9.8, yaani kwa hewa ileile huhitaji mafuta mengi zaidi, hivyo nozeli na pampu iliyokuja na gari huzidiwa. Kwenye baridi kali huwaka kwa kusuasua. Petroli haina makuu: unajaza, unaondoka.

Na jina E85 lisikudanganye ukadhani ethanoli ni asilimia 85 daima. Marekani ethanoli yake huwa kati ya asilimia 51 na 83. Bila sensa ya kupima ethanoli iliyomo kwenye mafuta, mimi ningebaki na petroli.