Nyumba ya Masista Bagamoyo: msikimbilie mnara tu, angalieni na kuta

Aisee mi nimetoka Bagamoyo juzi juzi, na nataka niongelee ile misheni ya zamani ya Wakatoliki, hasa Nyumba ya Masista ambayo siku hizi ndo makumbusho, maana naona watu wengi wanaingia mle wanapiga picha ya minyororo ya watumwa, wanatoka, wanakimbilia mnara wa Livingstone, ule wa kanisa la kwanza ulipolazwa mwili wa David Livingstone, mmisionari na mpelelezi Mskoti, basi safari imeisha. Wakati jengo lenyewe walimoingia ni la 1876 na lina habari zake kabisa.

Kwa kifupi, mapadri wa shirika la Roho Mtakatifu walikuwa Zanzibar kwanza, wakavuka kuja Bagamoyo 1868. Mwaka 1872 kimbunga kikali kikapiga Zanzibar na pwani yote ya huku, misheni ikasambaratika. Hapo sasa ndo unaona majengo ya mawe yanafuatana: kanisa la kwanza 1872, nyumba ya mapadri ikaanza 1873, ya masista 1876. Ile ya mapadri ndo kubwa zaidi, ina matao yamepangana mbele ghorofa kwa ghorofa, ila ghorofa ya juu kabisa imekuja kuongezwa 1903, kwa hiyo ukiiangalia usidhani ilisimama hivyo siku moja.

Sasa kilichonishika mimi ni hao masista wenyewe. Walikuwa Mabinti wa Maria kutoka kisiwa cha Réunion huko Bahari ya Hindi, shirika lililoanza 1849, yaani mwaka mmoja tu baada ya utumwa kufutwa kule kisiwani, na tangu mwanzo lilikuwa linapokea wanawake wa rangi zote hadi waliotoka utumwani wenyewe. Hebu fikiria hilo halafu rudi Bagamoyo, mji ambao misafara ya watumwa na pembe za ndovu ilikuwa inaishia, soko la watumwa Zanzibar limefungwa 1873, miaka mitatu baadae hawa masista wanajengewa nyumba, na kazi yao ni kulea na kusomesha mabinti waliokombolewa. Hii kwangu ni kubwa kuliko habari ya Livingstone, ambae alipita pale akiwa maiti, amelazwa usiku mmoja Februari 1874 baada ya watumishi wake kina Chuma na Susi kumbeba toka huko ambako leo ni Zambia. Heshima kwao Chuma na Susi, ile kazi si mchezo, lakini masista na wale watoto ndo walioishi pale.

Na msije mkadhani ilikuwa raha tupu. Waliokombolewa walikaa kwenye kijiji cha uhuru chini ya utaratibu wa mapadri, sala, shule, shamba, ndoa, kila kitu kina mpangilio wake. Ni uhuru, ndio, ila wa kufuata kengele. Mi naona mtu akikutembeza pale akakwambia upande mmoja tu, muulize na wa pili.

Haya kuta. Ukiwa ndani simama dirishani uangalie upana wa ukuta pale kwenye kizingiti, ni mnene hasa, na nje jua linawaka lakini humo unapumua. Majengo ya zamani ya pwani ni mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa yenyewe ni matumbawe hayo hayo yaliyochomwa juu ya magogo mpaka yakawa unga. Jiwe la tumbawe lina vitundu tele, jepesi, joto linapita taratibu. Kama unataka kuliona vizuri shuka Mji Mkongwe wa hapo hapo Bagamoyo kwenye magofu ambayo lipu imeshaanguka, utaona jiwe lina michoro kama sega la nyuki, ule ndo mdudu wa baharini alivyojenga kabla fundi hajaja. Na dari zilikuwa zinabebwa na boriti za mikoko, mti ambao haukupi urefu mwingi, ndo maana vyumba vya nyumba za kizamani za pwani ni virefu halafu vyembamba, upana kama mita 3 hivi basi. Ukishajua hilo huwezi tena kuingia nyumba ya zamani bila kuangalia juu, mi nimeharibika kabisa.

Vingine nje: mbuyu uliopandwa 1868, una kipande cha mnyororo kinachotokeza kwenye shina, na hapana sio wa watumwa jamani, inasemekana ni Madame Chevalier, mama wa Kizungu wa pale misheni, alikuwa anafungia punda wake, ukasahaulika, mti ukaumeza. Njia ya miembe ya 1871 nayo bado ina kivuli cha nguvu. Pango la Bikira Maria la 1876 nimepita haraka.

Lawama yangu iende kwa hawa wa safari za pamoja za siku moja kutoka Dar, niliowahi kwenda nao jina nawaachia, wanakubebesha magofu ya Kaole, ufukweni, soko la samaki, misheni mnapewa muda wa kukojoa na selfi. Barabara ni lami, kilometa 70 na kitu, nendeni wenyewe, anzeni na Nyumba ya Masista kabla jua halijapanda, mlipie mtembezaji wa pale pale na mumuulize maswali mpaka achoke. Jumapili asubuhi kama hamwendi misa msiende kuzurura na makamera karibu na lile kanisa kubwa la 1914, watu wanasali pale, sio maonyesho.

Kwangu nyota 5, na mnara wa Livingstone peke yake ningeupa 3.