Nguzo za mvinje badala ya mkoko: maoni ya fundi wa makuti

Najenga mabanda ya makuti pwani ya kusini, Diani mpaka Shimoni, na boriti ya mkoko naijua kwa kuishika tu. Mwaka jana mama mmoja mwenye hoteli ya chakula Ukunda aliniambia hataki mkoko hata mmoja kwenye banda lake. Tukaenda kwa mkulima upande wa Msambweni, tukanunua nguzo za mvinje (casuarina) peke yake. Masika yamepita juu ya paa lile, sasa naweza kusema.

Kwa unyoofu mvinje hauna mpinzani. Ukitaka nguzo ndefu unapata, wakati boriti ya mkoko ni fupi, na ndiyo maana vyumba vya majumba ya kale ya Lamu ni vyembamba vile. Makombamoyo, ile miti inayolala kwenye mteremko wa paa, yamekaa sawa, paa halijabonyea popote.

Taabu ni msumari. Mvinje ukishakauka, usipotoboa kwanza kwa keekee, unapasuka mbele ya macho yako. Halafu mchwa. Mkoko una ile dawa yake nyekundu ya asili, mchwa wanaupita. Mvinje ukiusimika udongoni hivi hivi, wamekaribishwa. Mie nabangua gome lote, napaka oili chafu, na mguu wa nguzo naukalisha juu ya zege. Gharama ya zege hakuna anayekutajia pale unaponunua. Nyota tatu na nusu kati ya tano.

Mtu ataniuliza, kwa nini basi nisirudi kwa mkoko? Kwa sababu ya Gazi. Tangu 2013, kupitia mradi wao wa Mikoko Pamoja, watu wa vijiji vya Gazi na Makongeni wanauza hewa ukaa, yaani wanalipwa kwa hewa chafu inayonaswa na hekta 117 za mikoko wanazozilinda, kama tani 3,000 kwa mwaka, na pesa zake zimeleta maji na vitabu vya shule. Kazi nzuri, siibezi. Ila mnunuzi wa Ulaya analipia mti usimame. Hakuna aliyemlipa mtu wa Ukunda asijenge. Ukifunga hori moja ya bahari yenye mikoko, mkataji mwenye mtumbwi anaingia hori ya pili, hewa inapanda mbinguni vile vile na hesabu za mradi kwenye karatasi zinabaki safi. Wenyewe Gazi waliliona hilo mapema, wakapanda mivinje nchi kavu ili watu wapate miti ya kujengea na kuni. Serikali ilipopiga marufuku ukataji 2018, wakataji wa mikoko wa Lamu walikaa bila kazi, na nyumba zikaendelea kuhitaji paa.

Na hapa ndipo pananikera. Mvinje unataka shamba na subira ya miaka minne, mitano. Mkata mikoko ninayemjua mimi hana shamba. Anakaa kwenye ardhi isiyo na hati, leo yupo, kesho mwenye karatasi anatokea Mombasa na bikoni zake. Huyo utamwambia apande mti auvune lini? Kwa hiyo pesa ya mvinje inakwenda kwa mwenye ekari, na yule tuliyetaka aache panga lake msituni habadilishiwi chochote. Wataalamu wakija na mikutano yao ya mabadiliko ya tabianchi wanazungumza sana juu ya tani. Juu ya hati, kimya.

Kwa mwenye kutaka kujenga: chukua mvinje kwa makombamoyo na boriti za juu bila wasiwasi. Uliza umekatwa lini, maana ule mbichi unajipinda ukiwa umeshafungwa. Fito bado sijapata za mvinje zinazoridhisha, nyembamba zake zinakatika. Na kwa gati au kitu chochote cha kusimama ndani ya maji ya bahari, usijaribu. Mama wa Ukunda ameshaagiza nyingine za baraza, na safari hii zege ameiweka kwenye bajeti mwenyewe.