Nimeendesha nyingi Arusha mpaka Kibosho, bado nimebaki na Kili Time

Toyota RAV4 yangu ni ya 2003, kizazi cha pili, ile mtaani tunaita Kili Time, milango mitano, nipo nayo mwaka wa sita huu. Kwa mtu anayeishi Sakina hapa Arusha halafu ukweni ni Kibosho, mlimani juu ya Moshi, sijaona gari inayonifaa kuliko hii, na nimejaribu nyingi sana maana mi napenda magari toka utotoni, mtu akinunua gari mtaani lazima nimuombe funguo nizunguke nayo hata mpaka Ngaramtoni na kurudi.

Njia yangu iko hivi. Arusha Moshi ni kama kilomita 80 za lami, Tengeru, Usa River, Kikatiti, Boma Ng'ombe, kote huko ni vibao vya 50, matuta na tochi, hapo Toyota IST ya cc 1300 inafika vizuri tu na mafuta inakula kidogo kuliko zetu hizi. Kazi inaanza ukiacha lami ukaanza kupandisha kijijini, ule udongo mwekundu ukinyeshewa usiku unateleza kama mlenda, kushoto migomba kulia mfereji, na mlima wenyewe haukupi sehemu ya kupumzika. Hapo ndo mi napimia gari, habari za rim na taa kali tutaongea baadae.

Sasa kuhusu Kili Time watu wanaingizwa mjini sana. Kuna ya cc 1790 yenye injini ya 1ZZ, hiyo inavuta tairi za mbele tu, na kuna ya cc 1990 yenye injini ya 1AZ ya D4, fowili, yaani zinazovuta tairi zote nne, zipo kwenye hizi. Kwa nje zote sura moja! Mi dalali mmoja aliniapia kabisa kwamba gari ni fowili, nikatoa na advansi, fundi wangu kuingia uvunguni anakuta hakuna propela wala difu ya nyuma, yaani hakuna cha kupeleka nguvu tairi za nyuma, hela yangu kurudi ilichukua miezi miwili na kelele nyingi. Kwahiyo kabla hujapenda rangi lala chini uangalie mwenyewe.

Ila hiyo D4 nayo inataka nidhamu. Mafuta yanapigwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa, ukiwekewa petroli chafu pampu na nozeli ndo zinaumia, na kwasababu mafuta hayapiti kwenye valvu za kuingizia hewa basi kaboni inajaa pale taratibu mpaka asubuhi za mwezi wa saba, ile baridi ya Arusha, gari inaanza kuwa na misi, injini inakatakata. Ukisafisha inatulia. Mi nimezoea kujaza kituo kimoja tu na filta nabadilisha mapema, sisubiri mpaka ilie.

Kwenye kupanda lakini, nisiwe muongo, Subaru Forester ya turbo ya shemeji yangu inaiacha mbali Kili Time. Arusha tu tuko kama mita 1,400 toka usawa wa bahari, hewa nyepesi, injini ya kawaida lazima ipungue nguvu, ila turbo inajilazimishia hewa yenyewe. Afu injini ya Subaru imelala, silinda mbili huku mbili huku, uzito uko chini, tairi zote nne zinavuta muda wote, yaani kwenye kona ya matope inajishika kama imepigiliwa misumari. Naipenda sana hiyo gari. Kinachonirudisha nyuma ni gasketi za hedi, oili unayotakiwa kuichungulia kila wiki, na plagi zilizojificha ubavuni mpaka fundi asiyezijua anaanza kufungua vitu visivyohusika.

Toyota Harrier ya kizazi cha pili, ile tunaita tako la nyani, ni tamu, kimya, siti zinakulaza, mpe mzee wako aende nayo kanisani. Nyingi ni za tairi za mbele na pua ndefu, kwa mlima wangu hapana.

X-Trail ile ya kwanza inaonewa, kwakweli. Watu wamekariri Nissan spea hakuna, wakati ina swichi ya kulock fowili, tairi zote nne zilazimike kuvuta, kitu ambacho Kili Time haina, na kwenye utelezi utaiona faida yake. Sensa za krenki, zile zinazosoma mzunguko wa injini, ndo zinajulikana kusumbua, ni sensa, unabadilisha maisha yanaendelea.

Na mkonge je, yaani Land Cruiser ya 70 series? Hiyo siilinganishi na hizi. Injini ni 1HZ, cc 4164, dizeli, silinda sita, turbo hakuna. Nilipanda nayo toka geti la Loduare kwenda ukingo wa Ngorongoro tumejaa watu na mizigo, ilikuwa inapanda polepole kwa sauti ileile moja, haichemshi, haibembelezwi, nikaelewa kwanini gereji za magari ya watalii za hapa mjini zinaikata na kuirefusha na kuitoboa paa hiyohiyo miaka nenda rudi. Siku nikipata hela naitaka, ya gia za mkono, hata kama imechoka bodi.

Kwa sasa natafuta bush za mbele na shokapu za nyuma za Kili Time, nizifunge kabla ya Desemba, maana tutapanda watano na gunia la mchele na mbuzi wa Krismasi.