Kahawa ya Kagera Iliyokaangwa Mwanza: Ipi Inastahili Hela Yako?

Karibuni sana ndugu zangu. Leo ni kahawa, na ni kahawa ya hapahapa Mwanza. Pakiti hizi mnazoziona mezani, ukiacha moja ya duka kubwa, zimekaangwa ndani ya jiji na watu binafsi, wenye mashine ndogo na duka moja tu, na kila moja nimeilipia mwenyewe. Nitawaelekeza kwa mtaa badala ya jina, maana baadhi yao hata kibao mlangoni hawana.

Kabla sijafungua pakiti, niseme kinachonikera. Kahawa iko ng'ambo tu ya ziwa. Unapanda meli usiku hapa bandarini, asubuhi unashuka Bukoba, katikati ya migomba na mibuni ya robusta, moja ya aina kuu mbili za kahawa; nyingine ni arabika. Lakini ingia hoteli nyingi za hapa mjini uombe kahawa: unaletewa chupa ya maji moto na kopo la kahawa ya kuyeyuka. Kopo sina ugomvi nalo. Africafe inatengenezwa na kiwanda cha TANICA palepale Bukoba, na wengi wetu tumekua nayo. Ugomvi wangu ni na migahawa mipya, ile yenye mashine za espreso, inayoandika ukutani "arabika tupu" kana kwamba robusta ni aibu ya kufichwa. Robusta ya Kagera iliyochumwa ikiwa imeiva na kukaangwa wiki hii ni kahawa nzuri kabisa, na jiji la kuisimamia ni hili letu.

Tusogeze kamera. Punje za kushoto ni robusta: ni za mviringo, na mstari wa katikati umenyooka. Za kulia ni arabika ya Kilimanjaro: ndefu kidogo, mstari wake umejipinda kama herufi S. Mkijua hilo, hamtauziwa moja kwa jina la nyingine. Robusta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika, na sehemu ya uchungu wake inatoka huko. Mkaangaji mbovu anauzidisha uchungu huo hadi inabaki ladha ya mkaa. Mzuri anautuliza.

Aliyeniridhisha kwa kuutuliza ni mzee mmoja wa Kirumba, kwenye fremu iliyo njia ya kushukia Mwaloni. Nilipobisha na kumwamkia shikamoo, akaitika, "Marahaba mwanangu, ingia ufunge mlango, moshi usiende kwa jirani." Jirani ni fundi cherehani, na nguo mpya hazitakiwi kunuka moshi.

Mashine yake ni pipa dogo linalozunguka juu ya moto wa gesi. Buni inaingia ikiwa na kijani kilichofifia, inageuka manjano, inanukia majani makavu, halafu harufu inabadilika kuwa ya mkate. Baadaye inaanza kupasuka: pa, pa-pa, kama bisi. Joto la punje hapo linakaribia nyuzi 200, na mzee haongei na mtu. Anachomoa kijiko, ananusa, anakirudisha. Ananusa tena. Anaiacha ipite mpasuko wa kwanza, na kabla wa pili haujaanza anaimwaga kwenye chekeche yenye feni chini yake, kwa sababu ikibaki na joto lake inaendelea kuiva yenyewe. Inatoka na rangi ya chokoleti, bila mafuta juu. Wanaosema bei yake iko juu wakumbuke pia kwamba buni inapoteza maji motoni; kilo moja mbichi inarudi kama gramu 850, wakati mwingine chini ya hapo.

Buni yake inatoka Muleba, huko Kagera, kwenye chama cha msingi cha wakulima, na hapo ndipo niliheshimu kazi yake zaidi. Watu wa Kagera mnaijua butura: mkulima kabanwa na ada ya shule au ugonjwa, anauza kahawa ikiwa bado mtini, kwa bei ya kutupwa. Ni marufuku, lakini shida haisomi sheria. Anayeinunua hivyo anataka hela yake irudi upesi, kwa hiyo nyekundu zilizoiva na kijani zisizoiva zinachumwa pamoja. Kahawa iliyochumwa kabla ya kuiva inakausha ulimi, na hakuna moto unaoirekebisha. Mzee anaanika buni kwenye turubai, anachambua kwa mkono, anatoa nyeusi na zilizotobolewa na wadudu. Mzigo sasa unapita Daraja la Kigongo–Busisi, lile la kilomita 3 lililofunguliwa Juni 2025, na anasema zile siku za gari kulala kwenye foleni ya kivuko haziko tena.

Ladha sasa. Nimeinywa bila sukari. Ni nzito mdomoni, ina karanga zilizokaangwa, ina kakao, na uchungu wake unakuja mwishoni kisha unaondoka. Pakiti yake ya pili, anayoiita "kali", siisifii: imekaangwa hadi mafuta yakatoka, na ladha ya Muleba imepotelea motoni. Chukueni ile ya kawaida.

Hii nyingine nimeinunua kwenye duka kubwa mjini, duka silitaji. Ilishasagwa. Imeandikwa tarehe ya mwisho wa matumizi, mbele huko karibu miaka miwili, lakini ilikaangwa lini? Hakuna. Nimeifungua hapa mbele yenu na mkiwa karibu mngesikia inanuka boksi. Punje nzima zikifungwa vizuri zinakaa wiki kadhaa zikiwa na uhai. Zikisagwa, siku chache tu harufu imekwenda. Pakiti isiyosema ilikaangwa lini iacheni rafuni.

Capri Point nako nimepita, kwenye mgahawa wenye baraza linalotazama ziwa. Kapuchino safi, maziwa yana povu laini, barista anajua kazi. Kahawa yenyewe ni arabika kutoka Mbozi, nzuri, sina neno. Nilipomuuliza kama wana ya Kagera akasema hakuna anayeiomba. Basi ndugu zangu, tuiombe.

Makoroboi ni habari nyingine. Pale kwenye kijiwe, birika linakaa juu ya jiko la mkaa, vikombe vinasuuzwa kwenye ndoo, kashata ziko kwenye sahani pembeni. Kikombe shilingi 200. Kijana anayeuza ananunua kwa mkaangaji wa sokoni, anaitwanga mwenyewe, anaweka tangawizi. Nendeni asubuhi. Ikifika saa tisa alasiri imechemka hadi imekuwa dawa. Lakini ile ya saa moja asubuhi, pamoja na kashata, naiweka nafasi ya pili baada ya mzee wa Kirumba, mbele ya Capri Point, na nasema hivyo nikiwa makini.

Kwa mtakaopika nyumbani, jambo moja. Video za nje zinawaambia maji yakichemka yaacheni yapoe kidogo. Ushauri huo unawafaa watu wa pwani, ambako maji yanachemka kwa nyuzi 100. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hapa maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, joto ambalo ndilo kahawa inalolitaka. Yakichemka, mwageni. Gramu 15 za kahawa kwa gramu 240 za maji, dakika nne, chujeni.

Kwa hiyo hela yangu inaenda Kirumba. Chukueni robo kilo, nusu kilo itawachachia kabatini, na mwambieni asisage kama nyumbani mna kinu au mashine. Na kama kuna mtu wa Musoma anayemjua mkaangaji mdogo wa arabika ya Tarime, aniandikie hapo chini aniambie yuko mtaa gani.