Malazi ya Puglia Mwishoni mwa Kiangazi: Yapi Yatangulie?

Anayekata tiketi ya kwenda Puglia, kile kisigino cha Italia, baada ya sikukuu ya Ferragosto ya tarehe 15 Agosti, amekwisha kufanya jambo la busara kabla hata hajatafuta chumba, kwa kuwa Waitaliano huanza kurejea makazini, bei hushuka, na bahari iliyopashwa joto kiangazi kizima hubaki ya kuogeleka vizuri hadi ndani ya Septemba. Linalosalia ni malazi, na hapo ndipo wengi hukosea, maana huchagua kwa picha za ufukwe ilhali cha kuangalia kwanza ni upepo.

Msomaji aliyekulia pwani yetu atanielewa upesi. Salento, ncha ya kusini ya Puglia, ni ardhi nyembamba kati ya bahari mbili, Adriatiki mashariki na Ionia magharibi, nayo ina kaskazi yake na kusi yake. Kaskazi ya huko huitwa tramontana. Ikivuma, Adriatiki huchafuka, na maji ya upande wa Gallipoli, kwenye Ionia, hutulia. Kusi ya huko ni scirocco, yenye joto na unyevu, na ikishika zamu wenyeji huhamia Otranto, kwenye Adriatiki. Tofauti na kwetu, pepo hizi hazigawani mwaka kwa misimu, bali huweza kupokezana ndani ya wiki moja, na aliyelipia siku saba kwenye pwani moja huenda akazitumia tatu akitazama mawimbi.

Kwa hiyo nafasi ya kwanza, kwa mwenye gari, naipa agriturismo ya bara, yaani malazi ya shambani kwa mkulima, maeneo ya Maglie au Galatina, ambako bahari zote mbili hufikiwa kwa chini ya saa moja. Neno hili lisichanganywe na masseria. Masseria ni jumba la kale la shambani, na hoteli yoyote ya kifahari yaweza kujiita hivyo. Agriturismo inatambuliwa na sheria ya mwaka 2006, inayotaka mwenyeji awe mkulima na chakula anachouza kitokane kwa sehemu kubwa na shamba lake na mazao ya eneo hilo. Chagua yenye chakula cha jioni. Utapewa frisella, mkate mkavu uliookwa mara mbili, unaochovywa majini kisha kuwekewa nyanya na mafuta ya zeituni. Utapewa rojo la baakuli kavu, yaani maharagwe mapana, na mboga chungu za chikori. Na baada ya hapo tini, zabibu na matunda ya mpungate, ambayo huu ndio wakati wake. Orecchiette, tambi zenye umbo la sikio, kwa majani ya rapa ni chakula cha miezi ya baridi, hivyo mwishoni mwa kiangazi ziagize kwa nyanya na jibini ya cacioricotta.

Asiye na gari aende Monopoli, nafasi ya pili. Mji uko kwenye reli ya kutoka Bari hadi Lecce, mji mkongwe una ufukwe wake mdogo chini ya kuta, Cala Porta Vecchia, na Polignano a Mare ni kituo cha jirani. Otranto ni mzuri zaidi kwa macho yangu, lakini kuufikia kwa treni ndogo na mabasi kunataka subira, hasa Jumapili.

Lecce naiweka ya tatu. Chakula chake hakina mshindani, kuanzia pasticciotto, kitobosha chenye krimu ndani, ya moto ya asubuhi hadi kahawa ya barafu na maziwa ya lozi, lakini bahari iko kilomita zaidi ya kumi, na usiku wa Agosti mawe ya mji hurudisha joto la mchana, kwa hiyo usikubali chumba kisicho na kiyoyozi.

Trullo, nyumba ya mawe yenye paa la pia huko Alberobello na Locorotondo, ni ya nne: hupendeza kwa usiku mmoja au miwili, ila iko mbali na maji, na nyama za kuchoma zinazosifiwa Cisternino, mji wa jirani, ziitwazo bombette, kwa kawaida ni nguruwe, jambo ambalo Mwislamu apaswa kulijua mapema.

Mwisho ni hoteli kubwa ya ufukweni yenye milo yote. Unalipia meza ambayo itakunyima kila nilichokitaja.

Kabla ya kutuma fedha, omba CIN, namba ya taifa ya utambulisho, ambayo nyumba za wageni za Italia hutakiwa kuwa nayo na kuionyesha kwenye tangazo. Ukikaa mji mkongwe, uliza gari litaegeshwa wapi, kwa sababu kamera huwatoza faini waingiao bila kibali. Ukichagua shamba la Salento, omba picha za mwaka huu: bakteria ya Xylella, iliyogunduliwa huko mwaka 2013, imeua mizeituni mamilioni, na kivuli unachokiona kwenye tangazo huenda hakipo tena.