Sheli iliyofunika bango la bei siku za Hidaya: uzoefu wangu

Nimekaa na jambo hili muda mrefu nikidhani litapoa. Halijapoa. Kila nikipita na bajaji mbele ya sheli ile hapa Lindi mjini roho inachafuka upya, kwa hiyo leo naandika.

Ni siku zile za Kimbunga Hidaya, Mei 2024. Tarehe siikumbuki, ila barabara ya Dar ilikuwa imeshakatika kule Somanga, mabasi yamekwama, na mwenye safari anaambiwa azungukie Masasi na Tunduru mpaka Songea. Nyanya na vitunguu vikapanda sokoni. Hilo nililielewa wala sikunung'unika, maana vitu vile vinatoka huko juu na njia haipo.

Lakini petroli? Mafuta yetu huku kusini meli zinayashusha bandari ya Mtwara. Malori yanapakia pale, yanapita Mnazi Mmoja, yanaingia mjini. Somanga iko kaskazini yetu, Mtwara iko kusini. Daraja la Somanga likisombwa, lori linalotoka Mtwara kuja Lindi linazuiwa na nini? Nimewauliza watu wengi swali hili na sijapata wa kunijibu.

Nilifika kwenye foleni alfajiri, mvua inanyesha, tangi liko mwisho kabisa. Kitu cha kwanza nilichokiona ni bango la bei. Walikuwa wamelivisha mfuko wa salfa, hii hii ya kupulizia mikorosho, wakaukaza kwa mpira wa tyubu juu na chini. Mtu alipanda ngazi kwenye mvua kwa kazi hiyo. Sheria inasema bei ikae wazi, mteja aione kabla hajaingia. Na bei kikomo ya EWURA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati na maji, hutoka Jumatano ya kwanza ya mwezi, wilaya kwa wilaya. Ya mwezi ule ilishatoka kabla kimbunga hakijafika. Hakukuwa na bei mpya ya halali ya kufichwa pale.

Zamu yangu ilipofika nikamuuliza mhudumu, "Kaka, lita shilingi ngapi leo?"

"Unajaza hujazi? Barabara imekatika, huna habari?"

Nikamwambia imekatika Somanga, na mafuta haya yanatoka Mtwara. Akanijibu, "Basi nenda Mtwara kachote." Akaweka. Pampu ilipogonga nikapiga hesabu: mia nne juu kwa kila lita. Nikadai risiti, akasema mashine haina mtandao.

Hayo yangu ningeyameza. Dereva amezoea kujibiwa ovyo.

Ila nyuma yangu alisimama bibi mmoja, ametoka Kitunda ng'ambo, ana kidumu cha lita tatu. Mjukuu wake ana boti ya kuvulia na hakuwa ameingia baharini tangu upepo uanze. Bibi akafungua pindo la kanga, akazitoa noti zilizokunjwa udogo wa kidole, akazihesabu moja moja kwenye kiganja chenye maji. Alikuja na hela ya lita tatu kwa bei ya juzi, kamili. Kwa bei iliyofichwa chini ya mfuko wa salfa, haikutosha. Akasema kwa upole, "Mwanangu, nitilie ya hiyo hiyo." Mhudumu akamwambia, "Bibi, toka hapo, unachelewesha watu. Vidumu haturuhusiwi."

Haturuhusiwi! Wakati huo huo, upande wa ukutani, vijana walikuwa wanajaziwa madumu ya lita ishirini, mawili mawili. Jioni yale mafuta nimeyaona barabarani kwenye chupa za maji, shilingi 5,000 chupa, na chupa yenyewe haijafika shingoni. Kumbe kidumu kinachokatazwa ni cha bibi.

Nilimwambia bibi alete nimnyonyee kwenye tangi langu. Alikataa. Alisema, "Na wewe una watoto, mjukuu wangu." Akafunga hela yake kwenye pindo, akatelemka kuelekea pwani na kidumu kitupu. Mvua ile ile. Nilishindwa hata kuwasha bajaji, mpaka wa nyuma wakanipigia honi.

Basi niseme, sheli ile msiende. Mwenye kufunika bei siku ya shida hastahili senti ya mtu.

Lakini nikisema hivyo tu nitakuwa sijasema kweli yote. Nimejaza pale miaka, na kipimo chao hakijawahi kunipunja. Mafuta yao hayana maji. Baada ya siku ile nilihama, nikaenda kwingine, na wiki ya pili bajaji ikaanza kukohoa kwenye mlima wa Mtanda nikiwa na mama mjamzito nyuma. Fundi alipofungua kabureta akanionyesha maji kwenye kifuniko. Kwa hiyo nilirudi. Nilirudi kwa sababu abiria wangu hawawezi kulala njiani kwa ajili ya hasira zangu, na hesabu ya bosi haisubiri. Na bango sasa liko wazi, risiti inatoka, bei ni ile ya EWURA. Kwa mtu anayetaka mafuta safi, siwezi kumwambia asiende.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa nimepanga kumalizia, kwa haki. Ila juzi nilimkuta mhudumu yule yule kwenye pampu ile ile. Nilikuwa nimeagiza ya elfu ishirini. Wakati anaweka nikamuuliza taratibu, bila shari, kama aliwahi kumwona tena yule bibi wa Kitunda, wa siku za Hidaya, mwenye kidumu.

Akanitazama, mkono uko kwenye bomba. "Bibi yupi?"

Nikamwambia kata hapo hapo. Ilikuwa imefika elfu tatu na kitu. Nikamlipa, nikafunga tangi. Kipande cha ule mpira wa tyubu bado kimebaki kwenye nguzo ya bango, upande wa juu.